Wiki Chombo Kilipopita Nyuma ya Jua

Mwanangu wa kike aliangukia vitambaa vyake sokoni Kabuga, asubuhi, akimpimia mteja kitenge. Wauzaji wenzake walidhani ni njaa, kwa sababu Jumatatu na Alhamisi alikuwa anafunga sunna, na siku ile ilikuwa Alhamisi. Wakamtia maji ya sukari mdomoni. Maji yakaingia upande mmoja yakamwagika upande huo huo, hakuna tone lililomezwa. Hapo ndipo mmoja wao alipoelewa kwamba hii si njaa, akanipigia simu Gisozi.

Nilikuwa kwenye cherehani. Mimi nawashonea mafundi wa Agakiriro makava ya makochi, kwenye zile karakana za mbao, na nyumba yangu iko juu yao kidogo, kwenye mteremko. Niliacha sindano ndani ya kitambaa nikaondoka. Nilipofika hospitali wameshamlaza. Mdomo umepinda, mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia umekufa. Jicho la kushoto lilinijua. Daktari, kijana mpole, alinieleza kwa Kinyarwanda cha polepole, kama mtu anayebeba maji ya moto, kwamba ni kiharusi, kwamba damu imevuja kichwani, kwamba kama kuna mtoto aliye mbali aitwe sasa. Nikamwuliza hiyo sasa yake ina urefu gani. Akasema anayejua ni Mungu.

Mtoto wa mbali alikuwa mmoja tu, na ni huyo huyo mmoja mwanangu aliyemzaa.

Mjukuu wangu huyo nimemlea mimi tangu alipoachishwa ziwa, mama yake akihangaika na biashara. Mimi niliishia darasa la tatu. Yeye amesoma mpaka vyuo vimemwishia. Nimewaambia hivyo mafundi wote wa mtaa huu na nitawaambia tena. Aliyechoka kusikia azibe masikio kwa maranda. Kazi yake nitaieleza kama alivyonieleza, maana nimeshaieleza kwa watu wengi na hakuna hata mmoja aliyenirekebisha.

Jua, alisema, lina sumaku. Si sumaku ya kushika mkononi kama ile ya spika mbovu ambayo mafundi wetu huiburuta kwenye vumbi la mbao kuokotea misumari. Ya jua imetanda, inatoka nje pamoja na moto wake na kufika mpaka huku tuliko. Kuna wakati jua linatema bonge zima la moto lenye sumaku ndani, na bonge hilo likitufikia limeelekea kinyume na sumaku ya dunia, linaweza kuzima umeme na kuvuruga simu. Sasa nani atakwenda kupima sumaku ya kitu kinachounguza namna hiyo? Ndipo wakatafuta ujanja. Kuna vyombo vya angani vimetumwa mbali, kimoja kinazunguka Mirihi, na kila siku vinatuma sauti ya redio nyumbani. Miaka ikipita hufika siku chombo kiko upande wa pili wa jua, na sauti yake, ili itufikie, lazima ipite karibu kabisa na jua. Ikipita pale inapindwa.

Nikamwambia sauti haipindwi. Akachukua utepe ninaoshonea kingo za mito, akanipa ncha moja niishike ikiwa bapa, yeye akaenda na ncha ya pili mpaka mlangoni.

"Inatoka kwenye chombo hivi, Bibi, imelala," alisema. Kisha akazungusha ncha yake taratibu, utepe ukajisokota katikati. "Inafika hivi. Tunajua ilivyotoka, tunaona ilivyofika. Huo msokoto ndio sumaku ya jua."

Nikaelewa. Kitu chenyewe hukioni, unakijua kwa jinsi kilivyompinda aliyepita karibu nacho. Katika nchi hii nimewaona wengi waliopindwa hivyo, na sikuhitaji masahani ya chuma kuwatambua.

Hayo masahani, ndiyo masikio ya kusikilizia sauti hizo, yako nchi ya kusini, katika nyika kavu isiyo na watu. Sauti ya chombo ikifika pale imekuwa dhaifu mno, kwa hiyo simu ya mkononi ni haramu. Ukifika getini unaizima. Na siku zenyewe ni chache. Chombo kikisogea sana kwenye jua, kelele za jua zinaimeza sauti yake. Kikishapita, mpaka miaka mingine. Mjukuu wangu alikosa mara ya kwanza kwa sababu zamu alipewa mtu mwingine. Mara hii ilikuwa yake. Mwanangu alipoanguka, msichana alikuwa bado mjini huko kusini, kesho yake ndiyo anaingia nyikani.

Kabla sijasema nilivyompigia, lazima niseme jambo moja la kwetu, la sivyo mtu wa mbali atatuona wehu.

Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Unamwambia mtu fulani anaumwa, njoo. Unamwambia hivyo ili asianguke barabarani, afike kwa miguu yake, na habari aipate amezungukwa na mikono ya kumdaka. Kigali hii ilishapokea vifo vingi kwa mkupuo mmoja. Tuliobaki tukajifunza kulishana habari kwa kijiko. Kila mtu anajua, na kila mtu anajifanya hajui. Ukiambiwa anaumwa njoo, huulizi sana. Ukiuliza sana unamtesa anayekuficha.

Baba yake mjukuu wangu alipokufa kwa ajali ya pikipiki, msichana alikuwa shule ya bweni. Kaka yangu mkubwa, ambaye katika ukoo wetu ndiye mwenye ulimi wa shughuli hizo, alipiga simu shuleni akasema baba anaumwa, mtoto aruhusiwe. Mtoto akaomba asikie sauti ya baba yake. Kaka akamjibu kwamba amelala, daktari yuko naye, hawezi kuongea. Mtoto akapanda basi amebeba chupa ya juisi ya marakuja aliyoinunua kwa pesa yake ya sabuni, ya mgonjwa. Akakuta mikeka imetandikwa uani, wanaume wamekaa, na baba yake amezikwa tangu jana, maana sisi Waislamu maiti haingoji. Alikaa kwenye mkeka ameikumbatia ile chupa mpaka jioni, na hakuna aliyethubutu kumpokonya. Hakutulaumu. Alimwambia mama yake tu kwamba sasa amejua sisi husemaje.

Basi nilimpigia nikiwa uani mwa hospitali, karibu na bomba la kufulia. Mama yako anaumwa, nikasema, njoo.

Akauliza anaumwa nini. Nikasema kiharusi, kimemkuta sokoni.

"Naomba nimsikie," alisema.

"Hawezi kuongea."

"Basi mwekee simu sikioni, niongee mimi."

"Mimi niko nje. Daktari yuko naye."

Nikasikia anavuta pumzi kama mtu anayeinua mzigo. "Nimeelewa, Bibi," alisema. "Nitakuja kazi hii ikiisha. Chombo kinapita nyuma ya jua wiki hizi."

Sikuamini masikio yangu. Mtoto niliyemlea mimi, mama yake kalala mdomo umepinda, ananiambia habari za chombo. Ningeweza kumwuliza ameelewa nini. Lakini mwenye hasira hana maswali.

"Basi baki na jua lako," nikasema, nikakata.

Hospitali zetu kila mgonjwa ana murwaza, mtu wake wa kumlisha, kumfulia na kumgeuza. Murwaza wa mwanangu nilikuwa mimi. Nilimgeuza kama nilivyomgeuza alipokuwa mchanga, ila sasa alikuwa mzito na mimi sina mgongo tena. Maziwa yalipita kwenye mpira wa puani. Nilimfuta, nilimpaka mafuta, nilimsukia nywele zilizobaki upande asiolalia. Akili yake ilikuwemo. Watu walinipinga, lakini mimi najua, maana mlango wa wodi ukifunguka jicho lilikwenda mlangoni, na aliyeingia akiwa si yeye, lilirudi kwangu.

Mkono wa kushoto ulikuwa hai. Siku ya kwanza ya wiki ya pili aliinua kidole cha shahada, akakielekeza juu. Wanawake wa vitanda vya jirani wakasema mashallah, anashuhudia, ameshaandaliwa. Mimi nikaona ananitazama mimi, hatazami juu. Nyumbani tulikuwa na mchezo wetu. Tukimzungumzia mtoto mbele za wageni bila kutaka kujisifu, tulinyoosha kidole juu, yaani yule wa angani. Alikuwa anamwulizia mwanawe. Labda alikuwa anashuhudia pia, sikatai, kidole ni kimoja na Mungu anatosha. Lakini jicho lilikuwa kwangu.

Nikamwambia yuko njiani. Kesho yake nikamwambia ndege imechelewa. Ningemwambia nini, kwamba mwanao amechagua jua?

Hasira ilipopungua nilimpigia tena. Simu haipatikani. Nikapiga asubuhi, nikapiga mchana, mwanamke wa mashine akanijibu kwa Kiingereza. Jirani yangu, fundi makochi ninayemshonea siku zote, alikuja kutuona, mkewe amempa chupa ya uji. Nikampa simu aandike ujumbe kwa vidole vyake vyenye gundi. Akaandika: Mama yako anaumwa sana, njoo haraka. Ikatokea alama moja tu, ya kutumwa; ya pili, ya kupokewa, haikuja. Fundi huyu ni mtu wa utani, hata msibani hunyamazi naye. Akasema, "Bibi, mjukuu wako anasikia chombo kilichojificha nyuma ya jua, wewe wa Gisozi hakusikii." Alitaka nicheke. Nilimtazama mpaka akaanza kukagua viatu vyake.

Mwanangu alikufa Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri. Shingo ilikuwa imegeukia mlangoni. Nililifumba jicho kwa kiganja, likafunguka. Nikalifumba tena nikalishikilia mpaka likakubali. Alasiri wanaume walimchukua. Mimi nilibaki na wanawake, mikono yangu bado inanuka sabuni ya hospitali, na katika kichwa changu hapakuwa na dua. Palikuwa na matusi kwa mjukuu wangu, niliyapanga moja moja nimngojee nayo.

Akaja Jumapili, asubuhi, watu wakisoma khitma ya siku ya tatu. Teksi ilimshusha chini kwenye karakana, akapanda mteremko kwa miguu amevaa mtandio mweusi, kijana wa teksi nyuma yake na mfuko wa mchele na sukari. Hakulia. Alipiga magoti akanishika miguu, mbele ya watu wote, na mimi matusi yote yakaniganda mdomoni, kwa sababu sikuona uso wa mtu aliyepuuza. Niliona uso uliokonda, macho yamevimba kilio cha siku nyingi.

"Nisamehe, Bibi, matanga yamenipita," alisema. "Nipeleke nikalione kaburi."

Nikamwambia matanga hayajampita, leo ndiyo siku ya tatu. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mzee aliyeanza kupotewa na siku.

"Ya tatu tangu lini?"

"Tangu azikwe. Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Hii, mwanangu. Juzi."

Nimeona nyuso nyingi zikipokea habari, zaidi ya nilizopenda kuona. Ule haukufanana na wowote. Kifo cha mama yake alikuwa ameshakililia peke yake huko nyikani, ameshakizika. Habari iliyomwangusha ni kwamba mama alikuwa hai. Akaketi ghafla kwenye udongo, na mchele ukamwagika kwa sababu kijana wa teksi aliachia mfuko ili amdake.

Kaka yangu alikuja mbio. Huyu kazi yake ni hiyo, akiona mtu anavuja yeye anaziba. Akamwinamia, akamwambia ihangane, vumilia, mjukuu wangu, mama yako hakuteseka hata kidogo, alilala tangu siku ile ile kama mtoto, hakumjua mtu, hakuuliza mtu, Mungu alimficha maumivu. Aliyasema vizuri sana. Wanawake wakaitikia. Na nyuma ya kichwa cha msichana akanikonyeza, kwamba na mimi niitikie.

Msichana hakumwangalia. Aliniangalia mimi. "Bibi," akasema, "hiyo ni kweli?"

Sasa niseme ukweli wa pale. Kuitikia kulikuwa rahisi. Neno moja tu, ndiyo, na mtoto angelala usiku huo. Kila mama katika ua ule angeitikia. Lakini nilimwona amekaa palepale kwenye udongo, mtu mzima aliyelishwa habari kwa kijiko maisha yake yote, na kijiko hicho ndicho kilichomnyima mama yake.

"Babu yako anakudanganya," nikasema.

Kaka akaniita kwa sauti ya chini, nikamwambia anyamaze, amesema ya kutosha katika familia hii. Kisha nikamwambia mtoto yote. Jicho. Mlango. Mpira wa puani. Kidole, na nilivyokijua. Nikamwambia mama yako alikuuliza mpaka mkono uliposhindwa kuinuka, na mimi nilimwambia uko njiani, na sijui kama aliniamini. Nikamwambia alipokufa shingo yake ilielekea wapi. Sikupunguza kitu. Baadhi ya wanawake waliondoka. Mmoja alisema kwa sauti nisikie kwamba bibi huyu hana moyo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanipiga, au atalia. Aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile kwenye simu ulikuwa unaniambia kweli?"

"Kweli tupu."

"Mbona ulitumia maneno ya Babu?"

Ningetumia yapi? Hakuna maneno mengine. Mtu akiumwa unasema anaumwa.

Baadaye ndani, tukiwa wawili, alinieleza upande wake. Kwamba aliposikia hawezi kuongea, daktari yuko naye, alijua wameshamzika, au wako njiani makaburini. Kwamba pale nyikani ofisini kuna simu ya waya, na hakuigusa, kwa kuwa hakutaka tumdanganye mara ya pili. Kwamba alipotoka getini akawasha simu na kuukuta ujumbe wa fundi, alitikisa kichwa akasema hata sasa bado wananificha. Alifanya kazi huku analia, alisema, akaona afadhali kazi kuliko mkeka, maana kwa mama hakuna tena la kumfanyia.

Nikamwuliza kazi yenyewe ilikwendaje. Alishangaa kwamba nimeuliza. Akasema ilikwenda kuliko walivyoota: siku moja jua lilitema bonge lake, likakatiza katikati ya njia ya sauti, na wakauona msokoto ukibadilika wakiwa wanaangalia, wakajua sumaku ya bonge lile imeelekea wapi. Si watu wengi wamewahi kuliona hilo likitokea. Nikahesabu kimoyomoyo, nikaona ni siku zile za kidole. Sikumwambia. Hilo peke yake ndilo nililomficha, na kwa kuwa haya ninayoyasimulia atayasoma, sasa atalijua.

Ninajivuna naye. Wapo wanaotegemea niseme sijivuni tena. Najivuna, na nikipita karakana bado nawaambia mafundi, ila sasa wananisikiliza wameinama.

Alirudi kusini kabla ya arobaini. Kwa muda hakupiga simu, wala mimi sikupiga. Siku hizi hupiga kila Ijumaa, na salamu yetu imekuwa nyingine kabisa. Hatuanzi na hujambo. Anaanza yeye: "Kuna aliyekufa?" Namjibu hakuna. Au namjibu yupo, nataja ni nani, amekufa lini, kwa nini, amezikwa wapi. Mke wa fundi alinisikia siku moja akashika kifua. Nikamwambia azoee.

Juzi nilimwambia hivi. Siku utakayoambiwa bibi yako anaumwa, panda ndege siku hiyo hiyo, kwa kuwa nimewaapisha wote, kaka, fundi, mke wa fundi: nikifa waseme nimekufa, nikiumwa waseme naumwa.



"Wameapa?" akauliza.

"Wameapa, mkono juu ya Msahafu."

"Hawataweza, Bibi," alisema. "Watanionea huruma."

Nikawatazama waliokuwa uani kwangu saa ile. Kaka yangu alikuwa ameshika kikombe cha chai, ananitabasamia ili nisione kwamba ananihurumia. Nikamwambia mtoto kweli, hawataweza.

Akasema basi atakuja tu, kila mara, akiambiwa lolote. Nikasema ndiyo, uje tu. Nikarudi kwenye cherehani.